Kovu Linaloushikilia Moyo

Ukitaka kuona moyo ulivyoundwa, fika Rodi Kopany siku ya soko. Upite mnada wa ng'ombe, uingie bucha yoyote, umwombe mwenyewe akupasulie moyo wa ng'ombe kwa urefu. Wengi huujua moyo kama nyama ya kukaanga tu. Lakini ndani, chini ya vali, zimening'inia kamba nyembamba nyeupe, ngumu hata kisu butu huteleza juu yake. Hapo hapana msuli. Kamba hizo, na vali zinazoshikiliwa nazo, zimejengwa kwa kolajeni, na seli inayoitengeneza kolajeni hiyo huitwa fibroblasti.

Moyo wa binadamu nao uko vivyo hivyo. Kwa kawaida fibroblasti hutulia katikati ya nyuzi za msuli, hazina makuu. Siku yao huja moyo unapojeruhiwa.

Mshipa unaolisha msuli wa moyo ukiziba, sehemu iliyokoseshwa damu huanza kufa baada ya dakika 20 au 30 hivi. Mshtuko mkubwa wa moyo unaweza kuua seli za msuli zipatazo bilioni moja. Ngozi ikichubuka hurudi, na ini likikatwa hukua tena. Moyo haukujaliwa hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden, Jonas Frisén akiwa mmoja wao, walipima umri wa seli za moyo kwa kutumia kaboni iliyosambaa hewani baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Wakakuta kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli za msuli wa moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 hafikishi hata nusu ya hiyo. Kwa mwendo huo pengo halizibiki.

Huzibwa na kovu. Kwanza seli nyeupe za damu huja kusafisha kilichokufa. Kisha fibroblasti huamka, huzaana, hubadilika umbo na kupata nguvu ya kujikaza kama msuli, zikivuta kingo za kidonda huku zikitandaza kolajeni. Wiki ya kwanza ndiyo ya roho mkononi: msuli uliokufa umelegea na kovu bado bichi, kwa hiyo ukuta wa moyo unaweza kupasuka, na ukipasuka ni nadra mtu kupona. Panya wa maabara walioharibiwa kazi ya seli hizi baada ya mshtuko walikufa kwa wingi, mioyo imewapasukia. Kovu, basi, ndilo linalomrudisha mgonjwa nyumbani.

Tatizo ni kwamba kovu ni kama kiraka cha tyubu: huzuia upepo, lakini halivutiki kama mpira wenyewe. Halipigi, wala halipitishi vizuri umeme unaouongoza moyo, na mapigo yanaweza kuvurugika. Tena fibroblasti hazijui kila mara pa kukomea. Homoni za mwili zinapoendelea kuzichochea, hutandaza kolajeni hata mahali palipokuwa pazima. Presha ya miaka mingi hufanya hayohayo bila mshtuko wowote. Moyo hukakamaa, pumzi hukatika mtu akipanda kilima kidogo tu, na miguu huvimba jioni.

Afrika Mashariki inalijua kovu hili kwa sura nyingine mbaya zaidi. Mwaka 1948, Jack Davies, daktari wa patholojia aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa ambamo utando wa ndani wa moyo hujaa kovu nene hadi chumba cha moyo kinapungua nafasi. Mgonjwa hujaa maji tumboni huku miguu yake pengine haijavimba sana. Wengi waliougua ni watoto na vijana maskini. Minyoo imeshukiwa, mihogo ikashukiwa, hata udongo. Hakuna aliyetiwa hatiani mpaka leo. Huko Inharrime, Msumbiji, watu 1,063 walipopimwa kijijini, karibu mmoja kati ya watano alikutwa na dalili zake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Kwa maoni yangu, ugonjwa huu ungekuwa wa matajiri, tungekuwa tumeshajua chanzo chake.

Wanaoonekana zaidi upande wetu ni watoto wenye vali zilizopata makovu baada ya maumivu ya koo yasiyotibiwa. Vali hushikana au kukosa kufunga, na mwishowe humpeleka mtoto kwenye upasuaji, kama unaofanywa hospitali ya Tenwek kule Bomet. Sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne huzuia vali hizo zisiumizwe tena.

Maabara nazo hazijalala. Mwaka 2010 kundi la Deepak Srivastava huko California liligeuza fibroblasti za panya kuwa seli zinazofanana na za msuli wa moyo, kwa jeni tatu tu. Mwaka 2022 wenzao wa Pennsylvania waliwachoma panya sindano ya mRNA, teknolojia ileile ya chanjo za korona, ili seli za kinga zishambulie fibroblasti zilizopitiliza. Hayo ni ya panya, na Rodi hayatafika kesho.

Kilichokwishafika ni vidonge. Enalapril na spironolactone hupunguza msukumo wa homoni zile, na ni dawa za bei nafuu. Usiziache kwa sababu unajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi yake. Na aliyepata mshtuko wa moyo asijinunulie diclofenac wala ibuprofen kwa maumivu ya mgongo, maana dawa hizo humwongezea hatari ya mshtuko mwingine na zinaweza kudhoofisha kovu kabla halijakomaa. Aspirini ndogo aliyoandikiwa na daktari ni jambo jingine: hiyo aimeze kila siku, na akitaka dawa ya maumivu aulize kwanza kliniki.