Acheni kupulizia kaseti za tenisi

"Fundi, nimepuliza mpaka nimechoka na tenisi bado haiwaki. Nipulize namna gani?" Naletewa swali hili na watu wa Birere na wa Himbi, hapa Goma, wakubwa kwa wadogo. Jibu ni moja: usipulize kabisa.

Tenisi hiyo, mchezo wa video ambamo Mario amekaa kwenye kiti cha refa, Nintendo waliitoa mwaka 1984 kwa ajili ya mashine yao ya Family Computer. Mashine za kuiga kutoka China zinazouzwa masokoni mwetu zinaendesha programu ileile. Kaseti yake ina meno 60, nayo yanatakiwa kugusana sawasawa na meno ya tundu. La muhimu likikosa kugusa, kioo kinabaki rangi tupu au picha inavurugika.

Sasa pumzi inatibu nini hapo? Mtu anachomoa, anapuliza, anarudisha, mchezo unawaka, basi sifa zote anaipa pumzi. Kilichosaidia ni kule kuchomoa na kurudisha: meno yamesuguana yakakaa upya. Siku nyingine rudisha bila kupuliza, uone. Pumzi ina unyevu, na mpulizaji hodari huongeza mate. Unyevu huo unakaa juu ya shaba mpaka meno yanaota kutu ya kijani. Hapa Goma tuna pia vumbi jeusi la volkano ya Nyiragongo. Likikutana na mate, linakuwa tope ndani ya tundu. Nintendo wenyewe waliwaonya wateja wasipulize. Bado naletewa kaseti mbichi kwa mate, na kuna aliyeosha yake kwa pombe ya lotoko. Lotoko, jamani! Wa msasa ndio wabaya zaidi: wanakwangua madini ya juu, na hayo hayarudi.

Fanya hivi. Zima mashine. Chovya pamba ya masikio katika spiriti kali ya duka la dawa, sugua meno, acha yakauke. Kutu ikigoma, tumia raba nyeupe ya penseli, kisha spiriti tena. Adapta isizidi volti zilizoandikwa kwenye mashine. Mchezo ukiwaka lakini mpira unakupita kila mara, shuku televisheni bapa, nyingi huchelewesha picha. Washa hali ya michezo kwenye mipangilio yake, au tafuta televisheni ya kichogo.

Na kama wachezaji wawili wanajikuta upande mmoja wa wavu, msiniletee mashine. Tenisi hiyo ndivyo ilivyotengenezwa: wawili hucheza pamoja dhidi ya kompyuta.