Masasi hadi New York: Uzi wa Tufe na Rula ya Ramani

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Ni umbali gani kwa ndege? Mwanafunzi wa Lulindi, wilayani Masasi, akiweka rula kwenye ramani ya Mercator, iliyobuniwa mwaka 1569, mstari wake utapita Kongo, Ghana na pwani ya Senegali. Ardhini njia hiyo ina takriban kilomita 12,950. Akikaza uzi kwenye tufe la dunia, uzi utapanda hadi Sahara ya kaskazini mwa Mali na kutokea baharini kusini mwa Moroko. Njia hiyo ni kilomita 12,700 hivi. Mstari ulionyooka karatasini ndio mrefu zaidi.

Sababu ni mviringo wa dunia, ambao kwa safari fupi hauonekani. Masasi na Newala zimeachana kama kilomita 60 angani. Tungechimba handaki lililonyooka kati yake, tungeokoa chini ya mita moja. Handaki la Masasi hadi New York lingekuwa na kilomita 10,700 tu, pungufu kwa 2,000. Kwa kuwa ndege haipiti chini ya ardhi, njia yake fupi kuliko zote ni kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Rubani anayelifuata hubadilisha uelekeo kidogo kidogo: huondoka akielekea kaskazini-magharibi, hufika akielekea karibu magharibi kabisa.

Wapo watakaosema kwamba kilomita 250 ni asilimia mbili tu, hazistahili somo zima. Lakini pengo hilo si sawa kwa kila njia. Kutoka Dar es Salaam hadi Los Angeles pengo hufikia kilomita 1,000, zaidi ya saa nzima ya ndege kubwa pamoja na mafuta yake. Wengine watasema hakuna ndege inayofuata uzi: kuna upepo, kuna anga zilizofungwa, na msafiri wa Dar es Salaam anayekwenda New York kupitia Doha huongeza kama kilomita 2,100 juu ya zile 12,400 za moja kwa moja. Ni kweli, lakini nyongeza hiyo tunaijua kwa sababu uzi umetupa kiwango cha chini cha kupimia. Bila kiwango hicho hatuwezi kusema njia ipi inapoteza muda na mafuta. Ndiyo maana kila shule, ya Lulindi na ya mjini, inastahili tufe moja na uzi, kabla ya ramani nyingine ya ukutani.