Sauti Iliyofunzwa: Habari za Julie Andrews

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani zimo nyumba zilizojengwa kwa ajili ya michezo ya kuigiza. Jioni watu hununua tikiti, huketi gizani safu kwa safu, na mbele yao kuna jukwaa lenye taa kali. Michezo mingine husemwa kwa maneno matupu. Mingine huchanganywa na nyimbo: mchezaji husema, kisha huimba, kisha husema tena, na hadithi huendelea mbele. Mchezo wa namna hii ni kazi ngumu, maana mtu mmoja husema, huimba na kucheza ngoma pamoja. Tena hufanya hivyo mara 8 kila juma, na sharti aliyeketi kiti cha nyuma kabisa asikie kila neno.

Katika Waingereza walioifanya kazi hiyo, mmoja aliyepata sifa kubwa ni mwanamke aitwaye Julie Andrews. Wengi waliomsikia walisema ya kuwa sauti yake ilikuwa kipawa cha kuzaliwa nacho. Maneno hayo ni kweli, walakini si kweli yote.

Alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1935 katika mji wa Walton-on-Thames, karibu na London. Mama yake alikuwa mpiga piano. Wazazi wake waliachana, na mama akaolewa na mwimbaji aliyeitwa Ted Andrews. Ndiyo sababu Julie aliitwa kwa jina hilo. Mwaka 1939 vita kuu ya pili ikaanza, na ndege za Wajerumani zikaangusha mabomu juu ya London. Katika siku hizo za hofu baba yake wa kambo akaanza kumfundisha kuimba, na mara ikaonekana ya kuwa mtoto huyu ana sauti ya ajabu. Kila mwanafunzi ajuaye ngazi ya sauti anajua ya kuwa kutoka do ya chini hata do ya juu ni hatua nane. Hatua hizo huitwa oktava. Watu wengi huweza kuimba oktava mbili hivi. Julie, ilisemwa, aliweza kufika nne.

Lakini shamba lenye rutuba lisipolimwa huota magugu. Kwa hiyo wazazi wake wakampeleka kwa mwalimu, Bibi Lilian Stiles-Allen, aliyekuwa mwimbaji mwenye sifa. Nyumba yake ilikuwa karibu na mji wa Leeds, mbali upande wa kaskazini, na mara nyingine Julie alisafiri mpaka huko akakaa kwake ili ajifunze. Mwalimu huyu hakumwacha apige kelele tu kwa sauti yake nzuri. Alimfundisha kuvuta pumzi na kuitoa kwa kiasi, na kutamka kila herufi waziwazi. Maana katika wimbo irabu ndizo zinazochukua sauti, bali konsonanti ndizo zinazotambulisha neno. Mwimbaji akizivivia konsonanti, watu husikia mlio mzuri wala hawajui habari yake. Wazee husema, samaki mkunje angali mbichi. Mafundisho hayo ya utotoni Julie aliyashika maisha yake yote.

Akaanza kuimba mbele ya watu pamoja na wazazi wake, angali mdogo hata ikambidi asimame juu ya sanduku la chupa ili akifikie chombo cha kukuza sauti. Mnamo Oktoba 1947, alipokuwa na miaka 12, aliimba wimbo mgumu sana katika nyumba ya michezo iitwayo Hippodrome mjini London. Alipomaliza, watu walipiga makofi hata mchezo ukasimama kwa muda. Mwaka uliofuata akaimba mbele ya Mfalme George VI na Malkia. Kabla yake hapakuwa na mtoto mdogo kama yeye aliyeimba peke yake katika mkutano ule wa kifalme. Fedha alizozipata zilisaidia nyumba ya wazazi wake. Basi kwake kuimba hakukuwa mchezo, kulikuwa kazi.

Mwaka 1954 aliitwa kwenda New York, katika mtaa wa Broadway wenye nyumba nyingi za michezo. Wenye mchezo walitaka aahidi kukaa miaka miwili, naye akakubali mmoja tu. Kwa sababu hiyo alikuwa huru walipotafuta msichana wa kucheza katika mchezo mpya ulioitwa My Fair Lady. Hadithi yake ni ya msichana maskini auzaye maua njiani, ambaye bwana mmoja mwenye elimu anamfundisha kusema Kiingereza safi.

Kuimba aliweza; bali kuigiza hakujua bado. Siku za kwanza za mazoezi alishindwa, na wenziwe wakaona shaka. Alikuwa mgeni, mbali na kwao, na angaliweza kuondolewa na kurudishwa Uingereza. Ndipo mkuu wa mchezo, Bwana Moss Hart, alipowapa wengine wote ruhusa ya siku mbili, akabaki na Julie peke yake. Akampitisha neno kwa neno, akamkemea, akamwonyesha, akamrudisha mwanzo tena na tena. Julie hakukasirika wala hakukimbia. Basi msichana aliyeigiza habari za mwanafunzi akawa mwanafunzi kweli. Mchezo ulipofunguliwa tarehe 15 Machi 1956, watu walimsifu sana. Mchezo huo uliendelea kuonyeshwa New York hata mwaka 1962, mara 2,717 kwa jumla; naye Julie akaenda kuucheza London pia tangu mwaka 1958.

Baadaye mchezo huo ukatiwa katika sinema, lakini Julie hakuchaguliwa. Wenye sinema walimtaka mtu aliyekwisha kujulikana katika picha, wakampa kazi Audrey Hepburn. Huenda mtu mwingine angalikata tamaa. Yeye akaingia katika sinema nyingine, Mary Poppins, iliyotoka mwaka 1964, na kwa hiyo akapewa tuzo la Oscar, tuzo kubwa kwa wachezaji wa sinema. Mwaka 1965 ikatoka The Sound of Music, nayo ikamjulisha kwa watu wa dunia nzima.

Sauti ni kitu chepesi kuharibika. Ndani ya koo mna zoloto, na ndani ya zoloto mna nyuzi mbili ndogo za sauti. Pumzi itokayo mapafuni hupita kati yake, nazo hutetemeka mara mamia kwa nukta moja. Mtetemeko huo ndio sauti. Tangu mwaka 1995 Bibi Andrews alikuwa akicheza tena Broadway, na kazi ile nzito ikaichosha sauti yake hata ikaanza kukwaruza. Mwaka 1997 akapasuliwa koo ili apone. Alipoamka na siku zikapita, akatambua ya kuwa sauti yake ya kuimba imetoweka. Alikuwa na miaka 61, na chombo alichokitunza tangu utoto kilikuwa kimevunjika. Alihuzunika mno.

Hata hivyo hakuketi na majonzi yake. Pamoja na binti yake Emma akaandika vitabu vingi vya watoto. Siku moja alipolia kwa ajili ya sauti yake, binti huyo alimwambia kwamba sasa amepata njia nyingine ya kuitumia. Akaendelea kuigiza katika sinema kwa maneno, na mwaka 2003 akausimamia mchezo uleule aliouchezea New York alipokuwa kijana, akiwaongoza wengine kama Bwana Hart alivyomwongoza yeye.

Hivyo twaona ya kuwa kipawa chaweza kuondoka kwa siku moja, lakini mambo ambayo mtu amejifunza kwa bidii hayaondoki pamoja nacho. Kutamka wazi, kusubiri, kukubali kuonywa: hayo Bibi Andrews alibaki nayo, akawapa wengine.

Maswali

1. Kwa nini mwimbaji sharti atamke konsonanti vizuri?
2. Bwana Moss Hart alimsaidia Julie kwa njia gani?
3. Sauti ya mtu hutokeaje kooni?
4. Baada ya kupoteza sauti ya kuimba, Bibi Andrews alifanya kazi zipi?