Gari lavuka bahari, onyo labaki Japani: mambo ya kujua kabla ya kununua RAV4 iliyotumika

Kila meli ya magari inapotia nanga Mombasa au Dar es Salaam, hushusha pia historia ambayo mnunuzi haioni. Kilomita zinasomeka kwenye dashibodi, mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye cheti, na rangi imesuguliwa ikang'aa. Kisichoonekana ni kama kampuni iliyolitengeneza gari hilo iliwahi kutangaza kwamba lina kasoro ya usalama, na kama kasoro hiyo ilirekebishwa kabla gari halijapakiwa melini.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Uganda kama linavyowahusu majirani zetu. Magari mengi yaliyotumika tunayoyaendesha hupitia bandari hizo mbili, kisha huvuka mpaka Malaba, Busia au Mutukula. Ili kulieleza vyema, makala haya yanachukua mfano wa gari moja linalofahamika mno katika ukanda wetu: Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2005, pamoja na nduguye mrefu aitwaye Vanguard. Hatulitaji kwa kuwa ni gari baya. Limejipatia sifa ya uvumilivu, na sifa hiyo hiyo ndiyo inayomfanya mnunuzi asiulize maswali.

Mwito wa kurejesha gari ni nini?

Kampuni ya magari ikigundua kasoro inayoweza kujeruhi au kuua, sheria za nchi nyingi zilizoendelea huilazimu kuitangaza kwa serikali, kuwaarifu wenye magari na kuirekebisha bila malipo. Hatua hiyo ndiyo inayoitwa mwito wa kurejesha magari. Gari halichukuliwi moja kwa moja; mwenyewe hulipeleka kwa wakala, kifaa chenye kasoro hubadilishwa au kuimarishwa, naye huondoka nalo.

Mwito haumaanishi kwamba kila gari lililotajwa litaharibika. Maana yake ni kwamba hatari imethibitishwa na dawa yake inajulikana. Gari lililoitwa likatengenezwa halina la kuogopesha kuhusu kasoro hiyo. Gari lililoitwa lisipelekwe ndilo la kuhofia.

Kwa nini onyo halivuki bahari?

Nchini Japani, kampuni huwasilisha taarifa ya kasoro kwa Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii, kisha hutuma barua kwa kila mwenye gari kwa kufuata daftari la usajili. Utaratibu huo hufanya kazi vizuri maadamu gari limo daftarini.

Gari linapouzwa nje ya nchi, usajili wake hufutwa na hutolewa cheti cha kulisafirisha. Kuanzia siku hiyo, kwa macho ya daftari la Japani, gari halina mwenyewe wala anwani. Kasoro ikitangazwa mwaka unaofuata, barua haina pa kwenda. Hata pale kasoro ilipotangazwa mapema, huenda mwenye gari wa kwanza aliiweka barua mezani, akaliuza gari mnadani, na habari ikaishia hapo.

Upande wetu wa bahari, wakala rasmi wa kampuni ana orodha ya magari aliyoyauza yeye mwenyewe yakiwa mapya. Gari lililoingia kupitia kwa mfanyabiashara wa yadi au bondi halimo katika orodha hiyo. Hivyo barua humfuata mwenye gari wala haiifuati bodi, na mwenye gari wa tatu au wa nne aliyeko Mbale, Kisumu au Mwanza hana wa kumbishia hodi.

Kasoro zilizotangazwa

Mwito mkubwa unaoihusu RAV4 ya kizazi cha tatu ulitangazwa Februari 2016. Toyota iliita takriban magari milioni 2.87 duniani kote, RAV4 na Vanguard, kwa sababu ya mikanda ya usalama ya viti vya nyuma. Katika mgongano mkali wa mbele, mkanda ungeweza kugusana na fremu ya chuma ya kiti na kukatika, na abiria akabaki bila kinga sekunde ile ile anayoihitaji. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kifuniko cha plastiki ngumu juu ya chuma hicho. Kati ya magari hayo, takriban 177,000 yalikuwa Japani, soko ambalo ndilo kisima cha magari yetu.

Tafakari maana yake kwa familia inayosafiri kutoka Kampala kwenda Mombasa kwa sikukuu, watoto wakiwa nyuma. Mzazi aliyewafunga mikanda ametimiza wajibu wake wote. Kipande cha plastiki kisichokuwapo hakionekani bila kujua mahali pa kukitafuta.

Mwito mwingine ulihusu swichi ya vioo iliyo kwenye mlango wa dereva. Oktoba 2012 Toyota iliita magari takriban milioni 7.43 ya aina mbalimbali duniani, RAV4 ikiwamo, na Oktoba 2015 ikaita mengine takriban milioni 6.5 kwa tatizo la swichi hiyo. Ulainishaji wa ndani haukuwa umefanywa sawasawa, hivyo swichi iliweza kukwama, kupata joto na hata kuyeyuka. Kampuni ilionya hasa dhidi ya kupulizia vilainishi vya dukani ndani ya swichi inayokwama, kwa kuwa vinaweza kusababisha iyeyuke na kutoa moshi. Onyo hili lina uzito kwetu, ambako dawa ya kwanza ya kitu chochote kinachokwama ni kukipulizia kilainishi.

Wa tatu ulitolewa Marekani Agosti 2012, ukahusu mikono ya suspensheni ya nyuma katika RAV4 za miaka ya modeli 2006 hadi 2011. Ikiwa nati za mikono hiyo hazikukazwa ipasavyo baada ya kurekebisha alaimenti, huweza kulegea. Nyuzi zikaliwa na kutu, na mkono ukakatika gari likiwa mwendoni. Mwaka uliofuata magari hayo yaliitwa tena, kwa kuwa matengenezo ya awali hayakufanywa ipasavyo katika baadhi yake. Hata kwa asiye na gari la soko la Marekani kuna funzo: katika barabara zetu za makorongo alaimenti hufanywa mara kwa mara, na kila inapofanywa nati hizo hulegezwa na kukazwa upya.

Anayemiliki RAV4 ya kizazi kilichotangulia ana swali zito zaidi la kuuliza. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilitumia kemikali ya amonia naitreti ambayo, baada ya miaka ya joto na unyevunyevu, huharibika na kulipuka kwa nguvu kupita kiasi, ikirusha vipande vya chuma usoni na shingoni mwa dereva au abiria. Nchini Marekani pekee watu zaidi ya 25 wamekufa na mamia kujeruhiwa, na mifuko takriban milioni 67 iliitwa. Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Januari 2024 Toyota iliwaambia wenye magari takriban 50,000 nchini Marekani, yakiwamo RAV4 za mwaka 2004 na 2005, wasiyaendeshe kabisa hadi yatengenezwe. Japani nayo, tangu Mei 2018, huyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye mifuko ya aina hatari zaidi ambayo haijabadilishwa. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam mwaka mzima.

Kwa majirani zetu wanaoendesha upande wa kulia, yaani Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini, RAV4 za karibuni mara nyingi si za soko la Japani, kwani kizazi cha nne hakikuuzwa huko. Magari hayo yana miito yake. Novemba 2023 Toyota iliita Marekani RAV4 takriban milioni 1.85 za miaka 2013 hadi 2018, kwa kuwa betri ya badala yenye umbo dogo ingeweza kusogea, ikagusa kibano chake na kuwasha moto.

Maradhi ambayo si mwito

Kuna kundi la pili la matatizo ambalo wanunuzi hulichanganya na la kwanza. Hili humaliza mfuko wa mwenye gari bila kuhesabiwa kuwa hatari kwa maisha, hivyo halitangazwi kwa mwito.

Injini ya lita 2.4, inayojulikana kwa jina 2AZ-FE, ndiyo mfano wake mashuhuri. Katika magari mengi ya miaka ya 2006 hadi 2009, ringi za pistoni zilishindwa kuizuia oili isiungue pamoja na petroli. Nchini Marekani kampuni iliongeza muda wa dhamana na kubadilisha pistoni na ringi kwa magari yaliyothibitishwa kunywa oili. Kwetu dhamana hiyo haipo. Gari halivuji tone, lakini baada ya safari chache kijiti cha kupimia hutoka kikavu. Dereva asiyekagua husubiri taa ya onyo, na taa ikiwaka huenda injini imekwisha kuungua.

Vanguard yenye injini ya lita 3.5 ina lake. Bomba la oili la mfumo wa vali za injini hiyo lilikuwa na sehemu ya mpira katika matoleo ya awali. Mpira ukipasuka, oili humwagika kwa dakika chache. Bomba lililoibadilisha ni la chuma tupu, na fundi anaweza kutambua kwa kutazama ni lipi lililofungwa.

Hatimaye, RAV4 nyingi za soko la Japani zina giaboksi ya CVT, inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida. Inahitaji oili yake maalumu. Kuitilia oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyopo dukani ni njia ya haraka ya kuiua.

Sheria za umri hazijibu swali hili

Nchi za ukanda wetu zimejaribu kuzuia magari mabovu kwa kuhesabu miaka. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane. Uganda, tangu mwaka 2018, imepiga marufuku kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Tanzania huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada. Pamoja na hayo upo ukaguzi unaofanyika kabla ya gari kupakiwa melini.

Hatua hizi zina faida, lakini ukaguzi hutazama zaidi hali ya gari siku ile: breki, taa, matairi na kadhalika. Kasoro ya usalama inaweza kuwamo katika gari la miaka minne linalopita kila kipimo.

Mnunuzi afanye nini?

Kwanza, apate namba ya fremu kabla ya kutoa malipo ya awali. Gari la soko la Japani halina namba ya herufi na tarakimu 17 kama la Marekani au Ulaya. Namba yake huanza kwa alama ya modeli, kwa mfano ACA31 kwa RAV4 au ACA33 kwa Vanguard, kisha kistari na tarakimu saba. Kwa sababu hiyo, tovuti ya Marekani ya kukagua miito haitaitambua, na kutotambuliwa huko kusichukuliwe kuwa ushahidi kwamba gari ni salama.

Pili, aiingize namba hiyo katika ukurasa wa Toyota ya Japani wa kukagua miito. Ukurasa ni wa Kijapani, lakini programu za tafsiri za simu zinatosha kuonyesha kama kuna mwito na kama kazi imefanyika. Asiyeweza amtake muuzaji amletee jibu hilo kwa maandishi.

Tatu, mwito usiotekelezwa ukionekana, amwendee wakala rasmi nchini akiwa na namba hiyo, aulize kama kazi itafanywa na kwa gharama ya nani. Kwa gari ambalo wakala hakuliuza, jibu lipatikane kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Nne, amlipe fundi asiye rafiki wa muuzaji atazame fremu ya kiti cha nyuma, nati za mikono ya nyuma, kijiti cha oili na swichi ya vioo. Ni kazi ya asubuhi moja.

Mwenye gari tayari naye hajachelewa. Namba ya fremu imo katika kitabu cha gari kilichoko kabatini, na hakuna barua itakayokuja kumkumbusha aitafute.