Fomula Zilizomo Ndani ya Hifadhidata

Hifadhidata ya mahusiano, mtindo uliopendekezwa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, huweka taarifa katika majedwali. Lugha ya kuzichota humo ni SQL, nayo huja na fomula zake tayari: UPPER hugeuza herufi ndogo kuwa kubwa, ROUND hukadiria namba yenye desimali, SUM hujumlisha, AVG hutoa wastani.

Panapowakwaza wengi ni kwenye nafasi tupu, yaani NULL. Jedwali la mfugaji lina siku tano za maziwa: lita 10, 12, tupu, 8 na 10. SUM hutoa 40. AVG hutoa 10, si 8, kwa sababu huiruka siku ile tupu na kugawanya kwa nne. COUNT(*) huhesabu mistari yote 5, ilhali COUNT(lita) huona 4 tu. Ikiwa siku hiyo ng'ombe hakukamuliwa kabisa, AVG(COALESCE(lita, 0)) huweka sifuri penye pengo na wastani hushuka hadi 8. Ikiwa alikamuliwa ila karani akasahau kuandika, sifuri hiyo ni uongo mtupu, na kompyuta haina namna ya kuugundua.