Binti wa Nani, Mke wa Nani: Majina na Vyeo baada ya Talaka

Fomu nyingi zijazwazo maofisini zina nafasi ya "jina la ukoo", na mara nyingine karani amwandikiaye mwanamke aliyeolewa huijaza kwa jina la mume. Katika Mrima, yaani pwani ya Bagamoyo, Saadani na Pangani, jambo hili huzua taabu siku ya talaka. Hati ya shamba na kitabu cha benki hubaki na jina la mtu asiye tena mumewe, hali yeye mwenyewe mtaani hakuacha hata siku moja kuitwa Fulani binti Fulani. Ndipo huanza safari za kwenda kuapa kwamba watu wawili wa kwenye karatasi ni mtu mmoja.

Desturi ya Mrima katika hili ni wazi. Tulitazame jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo ambaye kitabu chake juu ya desturi za Waswahili kilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1903. Mtoro ni jina lake. Bakari ni la baba. Mwinyi ni heshima ya baba. Dada wa mtu kama huyo angeitwa binti Mwinyi Bakari kabla ya ndoa, ndani ya ndoa na baada ya talaka. Mwinyi kwa wanaume na Mwana kwa wanawake ni heshima za kuzaliwa. Mume hakuzitoa, basi hana la kunyang'anya. Kwa hiyo "jina la usichana", litumikalo katika tafsiri nyingi, halina maana kwa mwanamke asiyepata kuwa na jina jingine.

Hata katika nyumba za kifalme hali ilikuwa hiyo. Ng'ambo ya bahari, huko Kidichi, Unguja, yapo mabafu ya enzi ya Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856. Mabafu hayo hunasibishwa na mkewe wa Kiajemi, Shehrzad binti Irich Mirza, atajwaye kuwa mjukuu wa Fath Ali Shah. Bibi Salme binti Said, katika kumbukumbu zake za mwaka 1886, asimulia kwamba bibi huyo aliachwa akarudi kwao. Ufalme wake aliupata kwa babu, akaondoka nao. Nasi twaelekea kudhani kwamba hilo "Shehrzad" lenyewe ni neno la Kiajemi shahzade, mwana wa mfalme: cheo kilichogeuka jina masikioni mwa watu.

Uingereza mambo ni mengine, na hapo ndipo wafasiri hujikwaa. Diana alipoachana na Charles mwezi Agosti 1996 aliondolewa daraja ya "Mtukufu", akaachiwa kuitwa kwa cheo cha Wales, jina lake likitangulia cheo; kwa Waingereza mpangilio huo ndio alama ya mtalaka. Wafasiri waliomwita "Binti Mfalme Diana" walimpa nasaba isiyo yake, kwani babaye hakuwa mfalme. Anne, dada yake Charles, alitalikiana na mumewe mwaka 1992 asipoteze kitu, maana yeye alizaliwa humo (ingawa kwake ni heri kusema binti malkia, kwani aliyetawala ni mama). Neno moja la Kiingereza lawafunika wote wawili; Kiswahili chetu kina uwezo wa kuwatenga.

Twapendekeza basi "binti mfalme" libaki kwa mzaliwa tu. Aliyeolewa aitwe "mke wa mwanamfalme", na akiachwa, "mtalaka wa mwanamfalme". "Malkia" nalo lina matatizo yale yale: lamtaja mwenye kutawala, na pia mke wa mfalme.

Mfasiri wa hati asiwe na haraka ya kuandika "mtalaka". Katika sheria ya Kiislamu, aliyepewa talaka rejea angali mke hadi eda yake iishe, na mume akifa kabla ya hapo, yeye hurithi. Wala "mjane" lisitumiwe kwa aliyeachwa, ijapokuwa wako wazee wanaolitumia kwa wote. Mbele ya hakimu wa mirathi, mjane ana fungu na mtalaka aliyemaliza eda hana. Kwenye fomu, nafasi ya "jina la ukoo" yafaa iandikwe "jina la baba".