Fisi Aliyepita Njia Zote Mbili

Fisi alifika njia panda na njaa yake. Njia ya kushoto ilinukia nyama. Njia ya kulia nayo ilinukia nyama. Fisi akatazama huku, akatazama kule, akakosa la kuamua. Basi akatia miguu ya kushoto njia ya kushoto, na miguu ya kulia njia ya kulia, akaanza kwenda...

"Mjomba, hiyo tunaijua! Akapasuka msamba! Njia mbili zilimshinda fisi!"

Haya, mnaijua. Bibi zenu wamewalea vizuri. Lakini leo nimekuja na fisi mwingine, na huyu hakupasuka. Sogeeni karibu. Huyu ndiye atakayenisaidia kumjibu yule mmoja wenu aliyeniuliza: je, kuna mimi mwingine, katika ulimwengu mwingine, ambaye ni mbaya?

Swali zuri hilo, mwanangu. Swali zuri sana. Wapo watu wazima waliosoma mpaka wakaota mvi, na bado linawakosesha usingizi.

Fisi wetu alifika njia panda. Kushoto nyama, kulia nyama. Akapiga hatua moja, na hapo hapo wakawa fisi wawili. Si nusu fisi na nusu fisi, la. Fisi mzima na fisi mzima. Kila mmoja na mkia wake, na madoa yake, na kumbukumbu zake zote za utotoni mpaka pale njia panda.

Wa kushoto akasema, "Mimi ndiye fisi. Nimeshika kushoto."

Wa kulia akasema, "Mimi ndiye fisi. Nimeshika kulia."

Wala hakuna aliyegeuka kumwona mwenziwe.

"Sasa mjomba, yupi kati yao ni fisi wa kweli?"

Wote wawili.

"Haiwezekani!"

Hivyo hivyo ndivyo wengi walivyomwambia kijana mmoja Mmarekani aliyeitwa Hugh Everett. Mwaka 1957 alikuwa anamaliza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Princeton. Hakuandika habari za fisi, masikini. Aliandika habari za vitu vidogo kuliko vumbi, vidogo kuliko chochote unachoweza kukiona kwa macho. Vitu hivyo vina tabia ambayo fisi angeionea wivu.

Usiku, taa ikiwaka ndani, nenda dirishani penye kioo. Utajiona usoni. Na mtu aliyesimama nje gizani naye atakuona wewe. Umewahi kujiuliza kwa nini? Ni kwamba mwanga unaotoka usoni kwako ukifika kwenye kioo, mwingine unapita kwenda nje, na mwingine unakurudia. Sasa, mwanga umeundwa kwa chembe, na kila chembe inaitwa fotoni. Tuchukue fotoni moja tu. Ikifika kwenye kioo, inapita au inarudi?

"Moja kati ya hayo!"

Hata mimi ningejibu hivyo. Lakini hesabu za wanafizikia, zile zilizoandikwa katika miaka ya 1920, zinasema fotoni inapita na inarudi. Yote mawili. Halafu ukiweka chombo cha kuinasa, unaikuta upande mmoja tu, haiko kote kote. Wengi wakati ule walisema: basi, tukipima, upande mwingine unafutika. Nani kaufuta? Kwa dasta gani? Hapo watu walikuwa wanakohoa na kubadilisha mazungumzo.

Everett akasema hakuna kilichofutwa. Fotoni imepita, na kuna chombo kilichoiona ikipita. Fotoni imerudi, na kuna chombo kilichoiona ikirudi. Na wewe uliyekuwa unatazama chombo? Wewe nawe umekuwa wawili. Fisi mzima na fisi mzima.

"Mbona mimi sijasikia kitu chochote nikigawanyika?"

Njoo nikupe mkono, mwanangu! Swali lako aliliuliza mwanafizikia mkubwa, Bryce DeWitt, kwa barua, mwaka ule ule. Alilalamika kwamba yeye hajihisi akigawanyika. Everett akamkumbusha habari za Copernicus, aliyesema Dunia inazunguka, watu wakakataa kwa sababu hawakuihisi ikienda. Nami nakuuliza wewe: ukisimama Nanyuki kule Kenya, pale mstari wa Ikweta unapopita, Dunia inakuzungusha kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Unasikia upepo wa mwendo huo? Chai yako inamwagika? DeWitt alisoma jibu, akalikubali, na miaka iliyofuata akawa ndiye mpiga debe mkubwa wa wazo hilo la ulimwengu zaidi ya mmoja.

Wengine hawakukubali. Mwaka 1959 Everett alisafiri mpaka Copenhagen kumweleza mzee Niels Bohr, aliyekuwa kama mwenye mji katika fizikia ya aina hiyo. Mzee hakushawishika. Mpaka leo wanafizikia wanabishana, na hakuna aliyewahi kumwona fisi wa pili. Mimi mjomba wenu nampenda Everett kwa ujasiri wake, ila sijasema nimeamini.

"Lakini mjomba, umesahau. Yule mbaya?"

Sijasahau. Nilikuwa nazunguka, kama wazee wote.

Everett alizungumzia chembe, hakuzungumzia dhambi. Fotoni ikipita kioo haijafanya wema, na ikirudi haijafanya uovu. Njia za Everett zinagawanyika kwa sababu ya vitu visivyojua uongo wala kweli. Huenda fisi wa kushoto na fisi wa kulia wanatofautiana kwa kitu kidogo tu, fotoni moja iliyopita huku na kurudi kule. Soma hesabu zake zote: hutakuta mahali palipoandikwa wema wakae huku na waovu wakae kule. Kwa hiyo mtu akila maandazi ya dada yake asiseme, "Si mimi, ni yule mwingine!" Fizikia haitamtetea.

"Sasa nani alituletea huyo mbaya?"

Wasimulizi. Watu wa kazi yangu.

Tarehe 6 Oktoba 1967, katika televisheni ya Marekani, mchezo wa Star Trek ulionyesha nahodha mmoja wa chombo cha anga. Jina lake Kirk. Alikuwa na wenzake watatu: daktari, fundi mitambo, na Luteni Uhura, ambaye jina lake lilitokana na neno letu la uhuru, mnaona tulivyofika mbali. Walikuwa wanarudishwa chomboni kwa mashine inayomhamisha mtu kwa kufumba na kufumbua. Dhoruba ikapiga. Mashine ikawapotosha. Wakajikuta ndani ya chombo kile kile, lakini si kile. Sura zile zile, lakini si zile. Huko ukitaka cheo unamwondoa mwenye cheo, na simaanishi kwa kura.

Na Spock, yule rafiki yao mwenye masikio yaliyochongoka, huko alikuwa na ndevu.

"Kwa nini ndevu?"

Ili mtazamaji asipotee! Mwigizaji ni yule yule, Leonard Nimoy, uso ule ule. Mtamjuaje yupi ni yupi? Wakambandika ndevu za kidevuni, kazi ikaisha. Tangu siku hiyo, katika vichekesho vya Wamarekani, mtu akitokea na ndevu kama zile, watu wanajua huyu ni yule wa upande wa pili. Mjomba wenu ana ndevu pia. Msinitazame hivyo.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda mimi. Watu wanne wema walikwenda kwenye chombo kibaya. Na watu wanne wabaya, wenye sura zao, wakaja kwenye chombo chema. Wale wema walijitahidi, wakakunja uso, wakapiga saluti za kule, wakadumu kwa saa kadhaa bila kukamatwa. Wale wabaya je? Walikamatwa mara moja! Spock wa huku, asiye na ndevu, aliwatazama tu, akawatia ndani.

"Kwa nini hawakuweza kuigiza?"

Fikiri kwanza, usiniachie mimi kazi yote. Mtu mwema amewahi kukasirika, amewahi kuwa na wivu, anajua ubaya unafananaje, kwa hiyo anaweza kuuigiza. Lakini mtu aliyekulia mahali ambapo hakuna anayemwamini mwenziwe, atajuaje kuigiza imani? Hajawahi kuiona. Atapayuka tu. Na ndivyo walivyofanya.

Na yule Spock mwenye ndevu, je? Huyo alinishangaza. Hakuwa zimwi. Alikuwa anafikiri kwa makini, kama mwenziwe wa huku. Kabla ya kuondoka, Kirk alimweleza kwamba dola lao la mabavu halitadumu, akamwomba alibadilishe. Spock mwenye ndevu hakumcheka. Alisema atalitafakari.

Ndiyo maana mkinichorea yule ninyi mwingine, nawaomba msiniletee pembe wala macho mekundu. Pembe ni rahisi mno. Huyo mtu, kama yupo, anafunga kamba za viatu kama unavyofunga wewe. Anapenda embe bichi na pilipili kama wewe. Anacheka pale pale unapocheka. Wangu mimi nimeshamfikiria: ana kikombe cha chai mkononi, amekaa barazani, anasimulia hadithi tamu, na akiulizwa swali na mtoto anasema, "Nyamaza, maswali gani hayo!" Namwogopa huyo kuliko zimwi lenye vichwa saba.

"Mjomba, tunaweza kumsalimia?"

Kwa hesabu za Everett, hapana. Njia zikishaachana vya kutosha, hazikutani tena. Hakuna barua, hakuna simu, hakuna mashine ya kukupeleka. Ile mashine ilikuwa ya televisheni, na hata kwenye televisheni ilihitaji dhoruba.

"Basi la mwisho. Yeye huko aliko, anafikiri mimi ndiye mbaya?"

Lo! Mnamsikia huyu mtoto? Mpeni embe. Hilo hata mimi sikuwa nimelitia akilini mpaka leo.

Tumtazame yule Kirk mbaya, wakati amefungiwa. Alikuwa anapiga kelele. Alitoa amri, hakuna aliyetii. Akamuahidi Spock fedha, Spock hakubabaika. Akamuahidi madaraka, Spock akamtazama kama mtu anayetazama mdudu wa ajabu. Maskini Kirk akaona wenzake wote wamerukwa na akili: nahodha wao anawaamuru wanamfungia, anawahonga hawapokei. Ungemuuliza ulimwengu mbaya uko wapi, asingesitasita hata kidogo. Angenyoosha kidole sakafuni, hapo hapo aliposimama.